Kutazama nyumba ya kununua Mombasa na familia, na kutembea siku hiyohiyo

Likizo ya Desemba ikikaribia, maswali ni yaleyale. Tuje na watoto ama tuwaache? Tuanze na nyumba ama ngome ya Fort Jesus? Dalali anataka pesa ya kuonyesha, tumpe? Siku moja yatosha? Kwa ufupi: njooni na watoto, anzeni na nyumba, dalali asipewe kitu kabla hamjajua nyumba ni ya nani, na siku moja yatosha mkikaa upande mmoja wa mji.

Matembezi hayo yapangeni karibu na nyumba, maana nayo ni sehemu ya ukaguzi. Nyumba iliyotazamwa mara moja tu saa nne asubuhi, dalali kashafungua madirisha yote na kashamwaga dawa ya manukato chooni, haikwambii kitu. Nenda ukatembee mtaa wa jirani, kisha rudi saa kumi na mbili jioni bila kumpigia mtu simu. Hapo utasikia jenereta ya jirani, utaona mikokoteni ya mitungi ikipeleka maji nyumba gani, na utajua matatu za kurudi zinapatikana au ni za kugombania.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

- Nambari ya ploti na nakala ya hati, vyote vimefika kwa simu siku kadhaa kabla. Upekuzi wa hati huombwa kwenye mtandao wa serikali na majibu hayaji papo hapo, kwa hivyo usingoje hadi Jumamosi mko njiani.
- Utepe wa kupimia wa mita 5 na tochi.
- Kipande cha sabuni ya mche, chupa tupu ya nusu lita, sarafu nzito na uzi wa pamba wa futi moja. Kazi yake utaiona chini.
- Vitambulisho vya watu wazima wote. Fort Jesus bei ya raia hupewa mwenye kitambulisho, na malipo hupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa hivyo simu iwe na chaji na M-Pesa.
- Leso mbili, kofia, maji ya kunywa, na champali za plastiki kwa kila mtoto. Mwambani kuna fuma, kinyama cha baharini chenye miiba, na mwiba wake ukiingia mguuni matembezi yameisha.
- Pesa taslimu kidogo za tuktuk na mihogo. Pesa ya nyumba isitoke benki siku hiyo, hata ile inayoitwa "ya kushikilia".

1. Chagua upande mmoja wa mji

Kisiwani ni Kizingo, Ganjoni, Tudor, Majengo na Mji wa Kale. Kaskazini ni Kongowea, Nyali, Bamburi na Shanzu. Kusini ni Likoni, kuvuka feri. Magharibi ni Changamwe, Miritini na Jomvu, kulikojaa malori ya bandari, ingawa kwa anayesafiri sana ni karibu na kituo cha treni. Ukipanga nyumba moja Nyali na nyingine Likoni siku moja, utakula mchana wako darajani na kwenye foleni ya feri.

Upande huo husomeka hata kwenye nambari ya ploti: MI ni kisiwani, MN ni bara ya kaskazini, MS ni bara ya kusini. Dalali akikwambia nyumba iko Nyali na hati imeandikwa MS, simama hapo. Jambo jingine linalowapita wageni wengi ni kuwa Mtwapa, hata kama matatu za mjini zinafika, iko Kaunti ya Kilifi. Ushuru wa ploti hulipwa huko.

2. Chagua siku

Jumamosi ndiyo bora. Ijumaa maduka mengi ya Mji wa Kale na Biashara Street hufungwa adhuhuri kwa ajili ya swala, na wenye nyumba wengi hawapatikani mpaka alasiri. Jumapili ufuo hujaa mpaka mtoto hapotei bali anamezwa.

Angalia pia mwezi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Kama nyumba iko karibu na ufuo au mkono wa bahari, siku ya bamvua ndiyo ya kuitazama, kwa sababu maji yakijaa utaona yanafika wapi. Kwa watoto kuogelea, zinafaa saa mbili kabla na mbili baada ya maji kujaa. Yakipwa kabisa ni mwamba na mwani tu. Nyakati husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hivyo usitumie za wiki iliyopita.

Nyumba iliyokupendeza Januari itazame tena Mei, mvua za masika zikiwa zimechanganya. Sehemu za Kisauni na Bamburi zenye mabonde hugeuka madimbwi, na rangi mpya iliyopakwa kiangazi haitakuonyesha.

3. Uliza ardhi ni ya nani, kisha uliza tena

Hili ndilo swali la Mombasa. Mji huu una nyumba nyingi zilizosimama juu ya ardhi ya mtu mwingine: nyumba ni ya huyu, kiwanja ni cha yule, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi. Watu huiita nyumba bila ardhi. Majengo zimejaa, na bara ya kaskazini na kusini zipo. Ni mpango wa tangu zamani na watu wameishi humo vizazi, lakini anayenunua hapati hati miliki. Anapata kuta, paa, na uhusiano na mwenye kiwanja. Bei yake ni ndogo kwa sababu hiyo, na benki kwa kawaida haikopeshi juu yake.

Ukiamua kuinunua hata hivyo, taka vitu vitatu: risiti za kodi ya ardhi zisizokatika, makubaliano ya maandishi, na idhini ya mwenye kiwanja kwamba anakukubali wewe kama mpangaji mpya wa ardhi. Idhini itoke kwake mwenyewe au kwa wakili wake. "Mzee anajua" haitoshi, na mzee akifariki warithi wake huwa hawajui.

Ikiwa nyumba ina ardhi yake, upekuzi wa hati ukwambie mambo manne: jina la mwenyewe, ukubwa, kama ni milki ya daima au ya kukodishwa na miaka iliyobaki, na kama kuna rehani au zuio. Jina lifanane na kitambulisho cha anayeuza, herufi kwa herufi. Kama aliyeandikwa ni marehemu, anayekuuzia awe na hati za mirathi zilizothibitishwa mahakamani. Kama muuzaji ana mke au mume, idhini ya mwenzake iwe ya maandishi. Sheria ya mali ya ndoa ya 2013 haimruhusu kuuza nyumba ya ndoa peke yake.

Kwa fleti, uliza hati ya sehemu yako mwenyewe. Mpango huo sasa unasimamiwa na sheria ya mwaka 2020, na jengo ambalo mwenyewe bado anashika hati moja ya ploti nzima, huku akiuza fleti moja moja kwa karatasi ya makubaliano, lina maswali.

Onyo: msiende kutazama nyumba ambayo hamjaiona hati yake. Watoto wakishaigawa vyumba, na bibi akishaona pa kuanikia nazi, akili ya kukataa hupungua.

4. Fikeni nyumbani kabla ya saa mbili na nusu asubuhi

Jua halijakali, watoto hawajachoka, na maji ya mgao, kama ni siku yake, huwa bado yanatoka. Kunyweni chai kwanza, mahamri na mbaazi, njiani. Wenye njaa hukagua haraka.

Gawaneni kazi. Mmoja aongee na dalali ukumbini, na aongee sana. Wengine wapime. Atakayepika ndiye akague jiko, asitumwe mwingine. Mtoto mkubwa ashike utepe: kitanda cha futi 6 kwa 6 ni kama mita 1.83 kila upande, na mlango wa chini ya sentimita 80 utakusumbua siku ya kuingiza friji.

5. Maji

Fungua bomba la jikoni, jaza chupa nusu, tia vipande vya sabuni ya mche, tikisa. Povu likija haraka na kukaa, maji ni matamu. Likigoma na kuacha utando mweupe, ni ya kisima chenye chumvi. Thibitisha kwa ulimi, kisha angalia midomo ya bomba na bomba la kuogea: ukoko mweupe au kijani ni chumvi ya miaka.

Maji ya chumvi hayaui nyumba, ila yana gharama. Hita ya kuogea huliwa, bomba za bei rahisi hubadilishwa mara kwa mara, nguo nyeupe hufubaa, na ya kunywa na kupikia utanunua kwa mitungi ya lita 20. Uliza maji ya mfereji huja siku gani na saa ngapi, tangi ni la lita ngapi, na pampu ni ya nani. Swali hili muulize jirani, au kijana wa mkokoteni. Yeye anajua nyumba zote zinazonunua.

6. Kuta na slabu

Piga kuta kwa sarafu, hasa futi mbili za chini. Sauti kavu ni nzuri. Sauti ya ndani tupu maana yake plasta imeachana na tofali. Unga mweupe unaobaki kidoleni ni chumvi inayopanda na unyevu.

Kisha tazama juu. Washa tochi na uipitishe karibu na dari ya slabu, mwanga ulale ubavuni. Mistari ya kahawia iliyonyooka, sawia kama imepigwa rula, ni kutu ya nondo zilizomo ndani. Chuma kikishika kutu huvimba, kikivimba hupasua saruji, na vipande huanza kudondoka. Pwani hutokea mapema kwa sababu ya hewa ya chumvi, na mapema zaidi ikiwa fundi alitumia mchanga wa baharini ili kuokoa pesa. Ufa mwembamba kwenye plasta ni kawaida. Mstari wa kutu unaopita dari nzima si kazi ya kupaka rangi. Mwite mhandisi kabla ya kutaja bei.

Nyumba ya mawe Mji wa Kale ina kanuni zake. Slabu zake za zamani ni boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliofanya vyumba viwe vyembamba. Tazama ncha zinapoingia ukutani. Hapo ndipo maji na mchwa huanzia. Eneo hilo pia ni la hifadhi, kwa hivyo hutabomoa baraza wala kubadilisha mlango wa nakshi bila ruhusa.

7. Upepo na jua

Funga milango, fungua dirisha la chumba cha kulala, ning'iniza uzi katikati ya dirisha. Kisha fungua mlango na dirisha la upande wa pili. Uzi ukiinama, chumba kinapitisha. Ukining'inia tu, utalala na feni mwaka mzima na bili utaijua. Kusi huvuma kuanzia kama Aprili hadi Septemba, kaskazi kuanzia Novemba hadi Machi, kwa hivyo uzi wa leo unakupa nusu ya habari. Tazama kama upande wa pili kuna jirani anayejenga ghorofa. Chumba chenye dirisha la magharibi pekee hupikwa alasiri yote. Wapeni wageni hicho.

8. Shimo la choo na stima

Inueni kifuniko. Ulizeni lori la kunyonya lilikuja lini mara ya mwisho, na kama linaweza kuingia uani. Pimeni kutoka shimo hadi kisima, cha kwenu na cha jirani, kwa sababu Mombasa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu, na maji machafu hupita humo upesi. Mita chache tu kati ya choo na kisima ni sababu ya kutosha ya kupeleka maji kupimwa. Mita ya tokeni iandike nambari, na uulize kama ina deni. Basi.

9. Tembeeni upande huohuo

Sasa ni kama saa nne. Agana na dalali vizuri, usiahidi kitu.

Kaskazini: Haller Park iko barabara ya Malindi, Bamburi. Ilikuwa machimbo matupu ya kiwanda cha simiti hadi René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971, na leo ni msitu wenye twiga na viboko. Twiga hulishwa kwa kawaida saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, na watoto huwapa chakula kwa mkono. Chakula cha mchana, kivuli, kisha ufuo wa Pirates maji yakijaa. Bei ya ngamia na ya tyubu ielewaneni kabla mtoto hajapanda.

Kisiwani: Fort Jesus kwanza, maana hufunguliwa saa mbili na adhuhuri mawe yake hurudisha joto usoni. Wareno waliijenga 1593 hadi 1596, na UNESCO iliiorodhesha 2011. Saa moja na nusu yatosha na watoto. Toka uingie Mji wa Kale kwa miguu, mkifuata Ndia Kuu, mkitazama milango. Vijana watakuja kuwatembeza; wapo wajuzi, lakini taja bei na muda kwanza. Watu na nyumba zao hupigwa picha kwa ruhusa. Marikiti na leso za Biashara Street ziwe za mwisho kwa sababu ya mizigo. Jioni, Mama Ngina: mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, madafu, na meli zikiingia Kilindini karibu mpaka utaona mabaharia.

Kusini: feri yenyewe ndiyo matembezi. Mtembea kwa miguu halipi. Mkiwa na gari, breki ya mkono ivutwe na abiria washuke. Ukinunua Likoni na kazi iko kisiwani, vukeni siku ya kazi saa moja asubuhi kuelekea kisiwani, au saa kumi na moja jioni kurudi, mkiwa mmebeba mtoto na mfuko. Msipoweza mara moja, hamtaweza kila siku.

10. Rudini jioni, bila dalali

Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku. Simameni nje dakika ishirini. Sikilizeni muziki unatoka wapi. Hesabuni taa za barabarani zinazowaka. Nunueni viazi karai kwa mama wa kibanda cha karibu na mkae mle. Mkimwambia mnafikiria kuhamia, yeye atawaeleza mafuriko, wizi na maji kwa ukweli kuliko tangazo lolote. Kisha rudini kwa matatu, hata kama mna gari.

11. Pesa, siku nyingine

Mkikubaliana, wakili wenu, asiwe wa muuzaji, aandike makubaliano. Kawaida malipo ya kwanza ni asilimia 10, na siku 90 za kumaliza. Nyumba ya milioni 6, malipo ya kwanza ni 600,000. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, yaani 240,000, juu ya bei au thamani itakayotolewa na mthamini wa serikali. Wengi huusahau na kukwama mwishoni. Muuzaji ndiye anayelipa kodi ya faida ya mtaji, na ndiye anayeleta vyeti vya kuonyesha hana deni la ushuru wa kaunti wala la kodi ya ardhi ya serikali.

Mambo yakienda kombo

*Dalali anataka ada kabla ya kutoa nambari ya ploti.* Ada ya kuonyesha ipo Mombasa na si dhambi, lakini hulipwa mlangoni, nyumba ikiwa imefunguliwa kwa ufunguo. Nambari ya ploti haiuzwi.

*Nyumba mbili zimetazamwa na watoto wanalia.* Acheni ya tatu. Ya tatu hutazamwa na watu waliochoka, na hupendwa kwa sababu ni ya mwisho.

*Maji ya bomba ni matamu lakini jirani analalamikia chumvi.* Pandeni mkatazame tangi. Huenda lilijazwa jana kwa lori la maji kwa ajili yenu. Fungueni bomba la nje, lililo kabla ya tangi, na mjaribu tena kwa sabuni.

*Mvua imewakatiza.* Achaneni na ufuo, rudini kwenye nyumba mara moja. Tazameni maji ya paa yanaelekea wapi, barabara inapitika, na kama choo kinabubujika. Hamtapata nafasi nzuri kama hiyo.

*Dalali anapiga simu usiku: kuna mnunuzi mwingine, leteni elfu hamsini mshikilie.* Mjibuni kwamba wakili wenu atampigia wakili wa muuzaji Jumatatu saa tatu. Kama muuzaji hana wakili na hataki kuwa naye, mpeni huyo mnunuzi mwingine nafasi.